Kupima kompresheni: injini iwe moto au baridi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gereji yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zenye namba. Haipiti wiki bila mtu kunijia na simu mkononi, ndani yake picha ya karatasi yenye namba nne. "Fundi, nimepimiwa kompresheni, nimeambiwa injini imekwisha." Namuuliza: ilipimwa ikiwa moto au baridi? Wengi hunitazama kama nimewauliza gari lilikunywa chai gani asubuhi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nayaweka hapa yote.

Kompresheni inayopimwa ni kitu gani hasa?

Ni nguvu ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda wakati valvu zote zimefunga. Unatoa plagi, unafunga geji kwenye tundu lake, unapiga stata, mshale unapanda. Ukipanda vya kutosha, ringi za pistoni, valvu na gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, zinaziba. Usipopanda, hewa inatoroka mahali, au kipimo chenyewe kimekosewa. Hilo la pili ndilo watu husahau.

Haya, injini ipimwe moto au baridi?

Moto. Maji yawe kati ya nyuzi 80 na 95 hivi, joto ambalo gari huwa nalo likiwa kazini. Namba unazozikuta kwenye kitabu cha gari zimewekwa kwa injini iliyokwisha kupata moto. Ukipima baridi halafu ukalinganisha na kitabu, umempima mtu urefu akiwa amekaa.

Kwa nini injini baridi inasoma namba ndogo?

Sababu ni nne, na zinasaidiana.

Ya kwanza ni joto la hewa yenyewe, na sijasikia mafundi wengi wakiitaja. Umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono? Unajua pampu inavyopata moto kule chini. Hewa ikibanwa inapata joto, na joto hilo linaongeza msukumo. Chukua injini ya 1NZ, hii ya Probox, Vitz na IST. Inabana hewa mara 10.5. Kwa hesabu ya karatasini, kama joto lote lingenyonywa na kuta za silinda, geji ingesoma karibu PSI 138 (PSI ni kipimo cha msukumo, na namba zote za geji hapa ni za PSI). Kama isingepotea hata chembe, ingekaribia 375. Injini ya kweli iko katikati hapo, ikivutwa chini na uvujaji na valvu zinazochelewa kufunga. Sasa kuta zikiwa baridi zinanyonya joto jingi na mshale unabaki chini. Zikiwa moto tayari, hazina pupa hiyo.

Ya pili ni vyuma kutanuka. Pistoni ni alumini, na alumini hutanuka kama mara mbili ya chuma cha kalibu. Pistoni ya 1NZ ina upana wa milimita 75. Ikiongezeka joto kwa nyuzi 60 inanenepa kama milimita 0.1, wakati silinda ya chuma inapanuka nusu ya hapo. Nafasi kati yao inapungua kwa unene wa unywele mwembamba, na pistoni inakaa wima, haichezi, ringi zinalala vizuri ukutani.

Ya tatu ni oili. Gari likilala usiku kucha oili inashuka yote kwenye sampo, bakuli la chini ya injini, kuta zinabaki na utando tu. Na ikiwa baridi ni nzito, hasa kwa hawa wanaojaza 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30.

Ya nne inafuata hapo hapo: oili nzito inafanya stata izunguke kwa uzito. Kipimo kinataka injini izunguke kama mara 200 hadi 250 kwa dakika. Ikizunguka polepole, hewa inapata muda wa kutorokea kwenye ringi na joto linapata muda wa kupotea.

Tofauti ni kubwa kiasi cha kunipotosha?

Nitakupa mfano mmoja. Kijana mmoja wa Duga ana Probox ya kukimbizia abiria mpaka wa Horohoro. Gari likaanza kumisi, silinda inaruka bila kuwaka. Akaenda sehemu, likapimwa saa 1 asubuhi kabla halijawashwa, akaambiwa ringi zote zimekwisha, atafute injini nyingine. Namba alizopewa: 118, 121, 115, 120.

Lilipofika kwangu nikarudia hatua kwa hatua, naye amesimama pembeni. Asubuhi, injini baridi, betri yake ilivyo, bila kukanyaga ekseleta: mshale ukagota palepale, 115 na kitu. Nikaleta betri iliyojaa, nikafungua kipepeo cha throto, mlango wa hewa ya injini, mpaka mwisho, injini ingali baridi: silinda zote zikapanda hadi karibu 150. Tukarudisha plagi, akaliendesha hadi Pongwe na kurudi. Tukapima moto: 172, 175, 168, 174.

Kitabu cha 1NZ kinataka 213 kwa injini mpya, na hakikubali chini ya 156. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Maana yake, kwa kipimo cha kwanza injini ilikuwa ya kutupwa, kwa cha pili ilikuwa imefeli kidogo, na kwa cha tatu ni injini iliyotumika ila ina miaka mbele yake. Ni injini ileile, siku ileile. Kilichokuwa kinamisi ni koili, ile inayoipa plagi umeme, ya silinda ya 3. Yule kijana alicheka, kisha akanyamaza kidogo, maana alishaanza kuchangisha pesa za injini.

Angalia pia kitu kingine: joto lilileta PSI 20 na ushei, lakini betri na throto vilileta zaidi. Fundi anayejua kupasha injini moto halafu akasahau throto hajafanya kitu.

Tanga joto lote hili, injini inakuwaje baridi?

Nalisikia sana hili. Hata mchana wa Februari, jua la nyuzi 32 kichwani, injini iliyolala ina nyuzi hizo 32 tu. Kutoka hapo hadi 90 ni mbali. Joto la pwani linakusaidia kidogo kuliko mtu aliyeko Njombe, lakini halikupi injini moto.

Na tuna ugonjwa wetu hapa: thamostati, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Magari mangapi yamepita mikononi mwangu hayana! Mtu kaambiwa "huku pwani hakuna baridi, toa hiyo, inachemsha gari." Ikatolewa, ikatupwa. Maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini inatembea ikiwa vuguvugu, inakula mafuta, oili inachafuka mapema. Siku ya kupima kompresheni unaliendesha hadi Muheza na kurudi ukidhani limepata moto, kumbe maji yako nyuzi 65. Kabla ya kupima gari la aina hiyo, rudisha thamostati.

Nitajuaje injini imefika joto la kazi?

Usitegemee ile taa ya bluu ya dashibodi. Kuzimika kwake kunasema tu injini si baridi tena, haisemi imefika. Njia ya uhakika ni mashine ya kusomea gari, ile ya kuchomeka chini ya usukani, inakuonyesha nyuzi za maji moja kwa moja. Huna? Zima AC, acha injini ingurume bila ekseleta (sailensa) baada ya kuliendesha, ngoja feni iwake yenyewe na kuzima. Mpira wa chini wa rejeta nao uwe wa moto. Uguse kwa nje, na mfuniko wa rejeta usiuguse kabisa.

Kuendesha ni bora kuliko kuliacha linguruma limesimama. Maji hupata moto mapema, oili huchelewa. Kilomita 15 hadi 20 zinatosha.

Plagi zikifunguliwa injini ikiwa moto, nyuzi za hedi, yale meno ya tundu la plagi, hazing'oki?

Zinaweza, na swali hili ni la mtu mwenye akili. Hedi ni alumini, plagi ni chuma, na vikiwa moto sana alumini ni laini na plagi zilizokaa miaka zimeng'ang'ania. Nimeona nyuzi zimetoka na plagi kama kizibo.

Ninavyofanya mimi: injini ikiwa baridi, nazilegeza plagi zote kwa robo raundi, nahakikisha hakuna iliyoganda, kisha nazikaza tena kawaida. Ndipo gari linaenda kupata moto. Likirudi nazima, nasubiri kama dakika 10, wakati huo natoa koili na kupuliza mchanga kwenye mashimo ya plagi kwa kompresa. Mchanga wa Tanga ukidondoka kwenye silinda, kipimo kitakuwa cha mwisho kweli. Baada ya hapo plagi zinatoka kwa mkono bila kupigana.

Plagi ikigoma injini ikiwa moto, iache. Ngoja ipoe, weka mafuta ya kulegezea, jaribu kesho.

Nikizima nina muda gani kabla joto halijapotea?

Dakika 15 hadi 20 za kazi hazina shida. Ukienda kula kwanza, rudia kupasha.

Hatua zenyewe zikoje?

Toa plagi zote nne, si moja moja, maana zikibaki stata inabeba mzigo bure. Chomoa koili zote. Chomoa soketi za injekta au toa fyuzi ya pampu ya mafuta, kwa sababu petroli ikimwagika inaosha oili kwenye kuta na namba inashuka, ukiachilia mbali hatari ya moto. Chaji betri hadi ijae. Throto ifunguliwe kabisa. Hapa kuwa mwangalifu: magari mengi ya siku hizi hayana waya wa ekseleta, kipepeo kinaendeshwa na mota, na ukitoa fyuzi isiyohusika kipepeo hakifunguki hata ukikanyaga mpaka chini. Kichungulie kwa macho.

Kisha piga stata, hesabu mipigo 5 au 6, iwe sawa kwa kila silinda. Tazama mpigo wa kwanza. Silinda nzima inaruka mbali mara moja, halafu inamalizia. Ringi zilizochoka zinapanda kidogokidogo, mpigo kwa mpigo. Valvu inayovuja inaanza chini na inabaki chini.

Gari haliwaki kabisa. Nitalipasha vipi?

Hulipashi. Pima baridi, andika "baridi" pembeni ya namba, na usifungue kitabu. Linganisha silinda zenyewe kwa zenyewe. Zikisoma 140, 138, 142 na 60, huhitaji joto kukwambia ya 4 ina tatizo. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imekatika katikati yao. Sifuri ni sifuri kwa joto lolote. Zote zikiwa chini sawasawa kwa gari lisilowaka, angalia taiming cheni au mkanda kabla hujashutumu ringi.

Gari lililowashwa kidogo tu kulisogeza uani, likazimwa, na kesho yake likagoma, mara nyingi kuta zimeoshwa na petroli. Tia kijiko kidogo cha oili kila silinda, zungusha bila plagi, rudisha, jaribu kuwasha. Nimeona yakiamka.

Kuna wakati wa kupima baridi kwa makusudi?

Upo. Fuata ugonjwa unapotokea. Gari linalosumbua asubuhi tu, lipime asubuhi kwanza, kisha moto, uone tofauti.

Na kuna kinyume chake, ambacho ndicho kinanifurahisha zaidi. Alikuja mzee mmoja na kirikuu ya kubebea machungwa ya Muheza. Asubuhi inawaka kwa kugusa. Akisimama Pongwe dakika 5 kunywa maji ya dafu, haiwaki tena mpaka ipoe. Injini yake iko chini ya kiti, basi tuliinua kiti tukapima baridi: silinda zote nzuri, zinakaribiana. Nikasema, "Mzee wangu, twende tukaipashe." Tulipopima moto, silinda ya 2 ikaanguka chini ya 90.

Joto linatakiwa kuinua namba, lakini hapa liliishusha. Valvu ya eksozi ikipata moto mti wake unarefuka. Ndiyo maana huachiwa nafasi ndogo pale juu. Nafasi ikiwa imekwisha, valvu iliyorefuka haifungi sawasawa, hewa inapita, na isiporekebishwa mapema uso wa valvu unaungua. Tulisubiri ipoe, tukaingiza fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, haikupita hata ile nyembamba. Tukaachia nafasi kama kitabu kinavyotaka. Gharama ilikuwa ya kazi tu, hakukununuliwa spea.

Kwa hiyo mtu akikupimia moto, akapata namba ndogo silinda moja, mwombe apime na baridi kabla hedi haijashushwa.

Gari lilichemsha jana, nipime leo?

Pima, lakini kwanza toa plagi na uizungushe injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya krenki. Kama kuna maji ndani ya silinda, yatatoka taratibu. Ukipiga stata maji yakiwemo na plagi zimefungwa, unaweza kupinda konrodi, mkono wa pistoni. Kwa gari hili anza baridi, usilipashe kwa kulazimisha, maana hujui hedi ikoje.

Kile kipimo cha kumwagia oili kinafanywa moto au baridi?

Palepale baada ya kipimo cha moto, kwa silinda zilizosoma chini tu. Oili kijiko cha chai, mililita 5 hivi, zungusha kidogo isambae, pima tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi. Usimwage nyingi: oili inachukua nafasi ya hewa na kupandisha namba kwa uongo. Kwa injini zilizolala za Subaru kipimo hiki usikiamini, oili inakaa upande mmoja wa silinda.

Dizeli je? Canter, Hiace, Land Cruiser?

Kanuni ya joto ni ileile, ila geji ya petroli usiithubutu. Dizeli inasoma 350 hadi 500 na geji ya petroli inaishia 300. Unapima kupitia tundu la glo plagi au la nozeli. Throto haikuhusu kwenye nyingi za zamani. Betri inahusu mara mbili. Na kwa dizeli kompresheni ndiyo kiberiti chenyewe, joto la hewa iliyobanwa ndilo linalowasha mafuta, ndiyo maana dizeli iliyochoka husumbua asubuhi na mchana inakuwa kama haina neno.

Bodaboda?

Ipashe, fungua throto yote, piga kiki mpaka mshale usipande tena. Baadhi ya pikipiki zina kifaa kwenye kamshafti kinachoachia hewa kidogo ili kiki iwe nyepesi. Hizo zinasoma chini na hazina ugonjwa.

Lushoto nilisomewa 145, Tanga 170. Nani kanidanganya?

Hakuna, kama kote ilikuwa moto. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa yake ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko yetu hapa Raskazone. Injini inabana kidogo kwa sababu inavuta kidogo. 170 ya Tanga inakuja karibu na 145 kule, bila kitu kuharibika.

Haibridi yangu, Aqua, inasoma ndogo ingawa ni moto.

Injini zile zimetengenezwa zifunge valvu kwa kuchelewa, hazibani kama 1NZ ya Probox. Stata ya kawaida nayo haina, kuzungusha kunaamriwa na mashine ya kompyuta. Tafuta anayezifahamu.

Niandike nini kwenye daftari la gari?

Namba peke yake haitoshi. Yangu huwa hivi, na yule kijana wa Probox nilimwandikia nyuma ya risiti ya koili: maji nyuzi 88, betri imejaa, throto wazi, plagi zote nje, mipigo 6, oili 5W-30, silinda ya 1 hadi ya 4: 172, 175, 168, 174. Akirudi mwakani tutapima kwa nyuzi hizohizo.